Kiraka na Mkataba: Tunapojaza Mapengo ya Maktaba Sanifu



Nianze na jokofu. Miaka michache iliyopita binti mmoja wa mwaka wa tatu aliniletea kifaa alichokuwa anakiunda kwa ajili ya zahanati ya kijijini kwao: bodi ya Arduino Uno, kihisi joto chenye waya mrefu wa kupenyezwa kwenye jokofu la chanjo, na kioo kidogo cha mistari miwili. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Zipo zinazostahimili kuganda, lakini ile ya homa ya ini aina ya B ikiganda imeharibika, na hata ukiiyeyusha hairudii hali yake. Kwa hiyo mhudumu wa zahanati anahitaji namba, tena namba ya kweli, asubuhi na jioni.

"Shikamoo, Mwalimu. Kila kitu kinafanya kazi," akaniambia, "ila namba haitoki."

Nikatazama kioo. Kilikuwa kimeandika: Joto: ?

Mstari uleule wa msimbo, kwenye kompyuta yake mpakato, ulikuwa ukiandika 4.5 bila shida yoyote. Alikuwa ametumia sprintf, fanksheni ya maktaba sanifu ya C inayopanga maneno na namba ndani ya kipande cha kumbukumbu, akaiomba iandike namba yenye desimali kwa alama ya %f. Maktaba ya C ya chipu za AVR, iitwayo avr-libc, inayo sprintf. Ila toleo linalounganishwa kwa kawaida limeondolewa uwezo wa desimali, na mahali pa namba huweka alama ya kuuliza. Huo si uzembe wa mtu. Chipu ya bodi ile, ATmega328P, ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu nzima na kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Msimbo wa kuchapa desimali hula nafasi, na waliotunga maktaba waliona asiyeuhitaji asiubebe. Anayeuhitaji anaweza kuunganisha toleo kubwa, au kutumia fanksheni nyingine iliyomo mlemle, dtostrf.

Binti hakuyajua hayo, akatafuta njia yake. Akazidisha joto kwa kumi, akaligeuza kuwa namba nzima, akaligawa kwa kumi na kuandika jibu, akaweka nukta, kisha akaandika baki lililoondolewa alama ya hasi. 4.5 ikawa 45. 45 kwa 10 ni 4 baki 5. Kioo kikaandika 4.5. Akajaribu kwenye maji ya barafu, akajaribu kiganjani, akajaribu juani. Namba zikatoka vizuri. Mimi mwenyewe niliusoma msimbo ule nikaupitisha.

Sasa fuateni nami nyuzi hasi 0.5. Ukizidisha kwa kumi unapata hasi 5. Hasi 5 kwa 10, kwa hesabu ya namba nzima, ni sifuri, na sifuri haibebi alama ya hasi. Baki ni hasi 5. Ukiliondolea alama ni 5. Kioo kinaandika 0.5. Jokofu limeshuka chini ya sifuri na kifaa kinasema liko juu. Likishuka hadi hasi 1.2 kinaandika -1.2, sawasawa kabisa. Kosa linaishi kwenye ukanda wenye upana wa nyuzi moja tu, kati ya sifuri na hasi moja, na ni humohumo ambamo chanjo ya homa ya ini huanza kuganda.

Ile alama ya kuuliza iliudhi, lakini ilikuwa ya kweli. Ilimwambia mhudumu: sijui. Kiraka tulichokiweka mahali pake kilikuwa kinaongea kwa kujiamini, kikisema kweli karibu popote, kisha kikidanganya palepale ambapo ukweli ulihitajika zaidi. Hili ndilo ninalotaka kulisema leo, na yote yanayofuata ni kulifafanua. Kitu kinapokosekana katika maktaba sanifu, pengo lenyewe haliumizi sana, maana mara nyingi kompaila italipigia kelele. Kinachoumiza ni kiraka kinachobeba jina la kitu kilichokosekana bila kubeba mkataba wake.

Kwanza, mkataba ni nini hapa? Kiwango cha lugha ya programu ni karatasi. C, iliyotoka mikononi mwa Dennis Ritchie pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilipata kiwango chake cha kwanza Marekani mwaka 1989, na mwaka uliofuata kikawa cha kimataifa. C++ ilisubiri hadi 1998. Karatasi hizo haziendeshi kitu chochote. Zinaeleza kila fanksheni inapokea nini, inarudisha nini, na inafanya nini mambo yakienda kombo. Kompaila na maktaba zake ni kazi ya watu wanaosoma karatasi hizo na kujenga, kila mmoja kwa wakati wake na kwa uwezo wake. Sisi wa Kiswahili jambo hili si geni kwetu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, lakini kesho yake hakuna mtu wa Lamu wala wa Vumba aliyeamka akiongea Kiunguja.

Mapengo huzaliwa kwa njia nyingi. Avr-libc tumeiona, imepunguzwa kwa makusudi. Kompaila nyingine zilitangulia karatasi: Visual C++ 6.0 ya Microsoft ilitoka mwaka uleule wa 1998, kiwango cha C++ kikiwa ndiyo kwanza kinakamilishwa, na watu wakaendelea kuitumia miaka mingi baadaye. Nyingine zimesimama juu ya maktaba ya chini yao ambayo nayo ina matundu. Na nyingine zimezeeka tu, kwa sababu seva inafanya kazi na hakuna anayethubutu kuigusa.

Niwaonyeshe kiraka kimoja cha enzi ya Visual C++ 6.0 ninachokiheshimu, ingawa kinahusu lugha yenyewe kuliko maktaba. Kwa kiwango, jina linalotangazwa kwenye kichwa cha kitanzi cha for, tuseme i, hufa kitanzi kinapoisha. Katika kompaila ile liliendelea kuishi hadi mwisho wa bloku, kwa hiyo vitanzi viwili vinavyofuatana, kila kimoja na i yake, vilikataliwa. Mafundi wakaandika mstari mmoja:

#define for if (0); else for

Yaani kila palipoandikwa for, kompaila ilisoma: ikiwa uongo, usifanye kitu, vinginevyo, zungusha. Lile jina i likabaki limefungiwa ndani ya tawi la "vinginevyo" na kufia humo, kama karatasi inavyotaka. Tazameni uzuri wake. Msimbo mwingine wote unaandikwa kwa lugha sanifu, bila kujua kwamba kuna tatizo. Kiraka kiko mahali pamoja. Na siku kompaila mpya inapoingia, unafuta mstari ule mmoja na hakuna kingine kinachotikisika.

Si viraka vyote vina bahati hiyo. Twende kwenye snprintf.

Mkataba wa snprintf uliandikwa kwenye kiwango cha C cha mwaka 1999, na una ahadi tatu. Unaipa bafa na ukubwa wake. Haitaandika kupita ukubwa huo. Maadamu ukubwa si sifuri, itayafunga maneno kwa baiti ya sifuri ili anayeyasoma ajue yanaishia wapi. Na itarudisha urefu ambao maneno yangekuwa nao kama nafasi ingetosha. Hii ahadi ya tatu ndiyo watu huisahau, nayo ndiyo inayokuwezesha kujua kwamba maneno yamekatwa na ni nafasi kiasi gani inayohitajika.

Microsoft hawakuwa na snprintf. Walikuwa na _snprintf, yenye mstari mdogo mbele ya jina, iliyofanana nayo kama mapacha kwa mbali. Chukueni maneno "Dar es Salaam", herufi 13 ukihesabu na nafasi zake, muyatie kwenye bafa ya baiti 8. Ile ya kiwango itaandika "Dar es" na nafasi moja, jumla herufi 7, itafunga kwa sifuri, kisha itarudisha 13. Ile nyingine itaandika "Dar es S", herufi 8 kamili, haitafunga, na itarudisha namba hasi. Atakayesoma bafa ile hataona mwisho wa maneno. Ataendelea kusoma baiti za jirani hadi akutane na sifuri popote itakapokuwa: pengine hatua moja mbele, pengine baada ya kupita kwenye neno la siri la mtu.

Tuwe waadilifu: tatizo hili halikuwa la kampuni moja. Hata glibc, maktaba ya C ya Linux, hadi toleo la 2.0.6 ilirudisha hasi 1 maneno yakizidi. Ilifuata kiwango kuanzia 2.1. Lakini kwa upande wa Windows ngoja ilikuwa ndefu. Snprintf yenye mkataba kamili ilifika na Visual Studio 2015, miaka 16 baada ya karatasi.

Kwa miaka hiyo 16 watu walifanya nini? Walio wengi waliandika mstari huu, nanyi mkifungua msimbo wa zamani mtaukuta: #define snprintf _snprintf. Jina likapatikana, kelele za kompaila zikanyamaza, kazi ikaendelea. Ila ahadi ya pili na ya tatu zilikuwa zimevunjwa kimyakimya, katika kila mahali palipoandikwa snprintf, na msomaji wa msimbo hana namna ya kujua, kwa sababu macho yake yanaona jina sanifu na moyo wake unaamini mkataba sanifu.

Kisha ikaja adhabu ya pili. Visual Studio 2015 ilipoleta snprintf ya kweli, heda yake ya stdio.h iliwekewa kizuizi: ikikuta kuna makro yenye jina snprintf, inasimamisha ujenzi wa programu palepale. Dawa imefika, na kiraka ndicho kinachoifungia mlango. Wakati huo nilikuwa nimekabidhiwa mfumo wa ankara wa ofisi moja, na nilitumia siku tatu kuking'oa kiraka hicho. Kilikuwa kimenakiliwa kwenye faili kumi na moja, na kila moja ilikuwa na namna yake kidogo, kwa sababu kila fundi aliyepita alikutana na pengo lilelile na kulijaza upya bila kujua kwamba mwenzake ameshalijaza.

Kiraka chenye mkataba si kirefu. Unatengeneza fanksheni yako yenye jina lako. Ndani yake unaita _vsnprintf, unaweka sifuri kwenye baiti ya mwisho wewe mwenyewe, na ikirudisha hasi unaiuliza _vscprintf urefu kamili ungekuwa ngapi, kisha unarudisha huo. Ni mistari kumi hivi. Kazi haipo kwenye kuiandika; ipo kwenye kukaa chini kwanza na kusoma ile aya ya kiwango hadi mwisho, hasa pale inapoeleza nafasi isipotosha.

Lipo pengo baya zaidi ya hilo, nalo ni kitu ambacho kipo kwa jina, kipo kwenye heda, kompaila inakikubali, na hakifanyi kazi. Kiwango cha C++ cha 2011 kilileta std::regex, ya kutafuta ruwaza ndani ya maneno. GCC 4.8, iliyotoka mwaka 2013, ilikuwa na heda ya regex. Ungeweza kuandika ruwaza ya kukagua namba za simu za Tanzania, 255 kisha 6 au 7 kisha tarakimu nane, ukajenga programu bila onyo hata moja. Ukiiendesha, inapokutana na mabano ya mraba yanayosema "6 au 7", inatupa hitilafu na kuanguka. Majina yalikuwa yamewekwa. Kazi yenyewe ilikuja na GCC 4.9 mwaka 2014. Ungesema ni mwaka mmoja tu, tusubiri. Lakini CentOS 7, iliyoendesha seva nyingi sana duniani, ilitoka na GCC 4.8 kama kompaila yake ya kawaida, na CentOS 7 iliungwa mkono hadi tarehe 30 Juni 2024. Kwa miaka kumi mtu aliweza kujenga programu kwenye seva hiyo, ikajengeka salama, na ikaanguka mbele ya mteja. Miongoni mwa waliosalimika ni waliotumia maktaba ya Boost kwa kazi hiyo.

Hapa linazuka swali ambalo naona halifundishwi vya kutosha: utajuaje kwamba kitu kipo?

Njia ya kwanza inayomjia mtu ni kuuliza jina. Wewe ni kompaila gani? Toleo gani? Kompaila zenyewe hazikuwa waaminifu katika kujibu. Makro iitwayo __cplusplus inapaswa kutaja mwaka na mwezi wa kiwango kinachofuatwa, na GCC kabla ya toleo la 4.7 ilijibu 1 tu. Ile ya Microsoft hadi leo hujibu 199711, yaani kiwango cha miaka ya tisini, usipoipa swichi maalumu ya kuiamuru iseme kweli; ilibakishwa hivyo kwa sababu programu nyingi za zamani zilishaizoea. Na mkisoma maelezo ya musl, maktaba ya C iliyotungwa na Rich Felker, mtakuta wamekataa kabisa kuweka makro ya kujitambulisha. Wanasema usituulize sisi ni nani, pima kile unachokihitaji. Watu wameilalamikia musl kwa hilo miaka mingi. Mimi niko upande wake.

Njia ya pili, basi, ni kupima tendo. Hiyo ndiyo kazi ya Autoconf, chombo alichokianzisha David MacKenzie mwaka 1991: kabla ya kujenga programu, kinaandika vijiprogramu vidogo, kinavijenga, na vingine kinaviendesha, kisha kinaandika matokeo kwenye faili moja ambalo programu nzima italisoma. Kwa regex ya GCC 4.8, kuuliza kama heda ipo kungekudanganya. Kujenga kijiprogramu kungekudanganya pia. Ni kukiendesha tu, chenye mabano ya mraba ndani yake, ndiko kungekuambia kweli. Siku hizi C++ yenyewe imetupa njia nyepesi. Kiwango cha 2017 kinaruhusu kuuliza kama heda ipo, na cha 2020 kimeleta heda iitwayo version, yenye makro moja kwa kila kipengele cha maktaba. Tuzitumie, tukikumbuka kwamba nazo ni kauli ya kompaila kuhusu nafsi yake.

Kupima nako kuna mtego wake. Mmoja wenu anayejenga programu za ruta au simu kwenye kompyuta yake ya mezani huenda ameshakutana na ujumbe kwamba rpl_malloc haipatikani, akashangaa, kwa sababu hajawahi kuandika neno hilo. Autoconf ina kipimo kinachouliza: malloc ikiombwa baiti sifuri, inarudisha kitu au hairudishi kitu? Kujua hilo lazima uendeshe kijiprogramu. Lakini unapojenga kwa ajili ya chipu nyingine, kijiprogramu hakiwezi kuendeshwa hapo ulipo. Kipimo kinachukua tahadhari, kinadhani jibu ni baya, na kinaamuru kila malloc isomwe rpl_malloc, kwa kutegemea kwamba mwenye programu ameandika mbadala wenye jina hilo. Mwenye programu hakuandika. Dawa inayopitishwa kutoka fundi hadi fundi ni kukijibia kipimo mapema, ac_cv_func_malloc_0_nonnull=yes, na inafaa pale tu unapojua kwamba malloc ya upande wa pili kweli iko hivyo. Wengi wanaoinakili hawajui. Nawaomba muwe wanaojua.

Nirudi kwenye jina na mkataba kwa mfano ambao vijana wa programu za simu watautambua. std::to_string, inayogeuza namba kuwa maneno, iliingia C++ mwaka 2011. Waliojenga kwa ajili ya Android kwa kutumia maktaba ya C++ ya GNU waliambiwa na kompaila kwamba to_string si mwanachama wa std. Maktaba ya C++ ilikuwa nayo, lakini ilikagua maktaba ya C ya Android iliyo chini yake, ikakuta baadhi ya fanksheni za C99 hazipo, ikafunga kundi zima kwa swichi moja. Tatizo hili lilikwisha pale vifaa vya kujengea vya Android, toleo la r18 la mwaka 2018, vilipoiondoa maktaba hiyo na kubaki na libc++.

Kiraka kilichosambaa ni kutengeneza mkondo wa maneno, kuimimina namba ndani yake, na kuchukua kilichotoka. Mistari mitatu, inapendeza. Mpe 7, anarudisha "7". Sasa mpe shilingi 2,500,000 zilizohifadhiwa kama namba ya desimali. to_string ya kiwango cha 2011 inarudisha "2500000.000000". Kiraka kinarudisha "2.5e+06", na nimeiona namba ya aina hiyo imechapwa kwenye risiti. Mpe herufi A. Ile ya kiwango inaiona kama namba na kurudisha "65". Kiraka kinarudisha "A". Na kama programu imewekewa lugha ya mahali inayotenganisha maelfu kwa mkato, kiraka kitaweka mikato hata kwenye namba nzima, na mfumo wa upande wa pili unaosubiri tarakimu tupu utaikataa. Mikataba mitatu imevunjwa ndani ya mistari mitatu.

Kuna waliokwenda mbali zaidi wakakiingiza kiraka hicho ndani ya std yenyewe, ili wasibadilishe msimbo mwingine. Kiwango kinakataza. Majina ya std ni ya ukoo, na anayejiandikisha humo anagombana na mwenye jina siku atakaporudi. Mkitaka kuona ugomvi huo ulivyoweza kufika mbali, ulizeni yaliyotokea kwa JavaScript mwaka 2018. Maktaba ya MooTools ilikuwa imeziongezea safu zote fanksheni ya flatten zamani sana. Kamati ya lugha ilipotaka kuleta flatten yake, tovuti zilizobeba MooTools ya zamani zingevunjika, na mwishowe ni kamati iliyobadilisha jina: leo tunaandika flat. Kiraka cha watu wachache kilibadilisha lugha ya dunia nzima.

Ni nani basi amefanya vizuri? Nendeni mkafungue msimbo wa OpenSSH. Programu hii ya kuingilia kompyuta za mbali kwa usalama huandikwa kwanza kwa ajili ya OpenBSD, kana kwamba dunia nzima ni OpenBSD. Kisha lipo toleo la kubebeka kwenda Linux na kwingineko, na ndani yake kuna folda moja, openbsd-compat. Kila kitu ambacho huenda kikakosekana ugenini kimewekwa humo, kila kimoja kwenye faili lake. Msimbo mkuu unaita strlcpy kwa jina lake la nyumbani. Kazi ya kuhakikisha strlcpy ipo ni ya folda ile na vipimo vyake. Hata snprintf inapimwa, na ikionekana ipo lakini mbovu, inachukuliwa ya kwao.

Strlcpy yenyewe ina historia inayogusa. Todd Miller na Theo de Raadt waliileta katika OpenBSD mwaka 1998 kama njia salama ya kunakili maneno. Watunzaji wa glibc waliikataa kwa muda mrefu, na mabishano yalikuwa makali. Ikaingia glibc 2.38, Agosti 2023. Robo karne. Kwa miaka mingi faili la strlcpy.c lilikaa kwenye folda ile likijengwa kila mara OpenSSH ilipojengwa kwenye Linux. Siku glibc mpya ilipofika, kipimo kilijibu kwamba ipo, na faili lile likaachwa bila kujengwa. Hakuna mstari wa msimbo mkuu uliobadilishwa.

Binti yule, namalizia kwake. Aliyeligundua kosa ni yeye. Nilimwagiza aandike joto kumi ambazo kifaa lazima kizitamke sawasawa kabla hakijaondoka hapa, nikitarajia 2 na 8 na nyingine za katikati. Akaweka hasi 0.5, kwa sababu ndiyo aliyokuwa ameisoma kwenye maelezo ya chanjo. Alipopitisha namba hiyo kwa kalamu na karatasi kwenye msimbo wake, alinyamaza, akanigeuzia daftari nione.

Aliufuta ugawaji wote, akaweka dtostrf kwenye faili dogo la pekee yake, na juu ya faili akaandika kwa Kiswahili kwa nini lipo na lini lifutwe. Kisha tukachanganya barafu na chumvi kwenye sufuria, akazamisha kihisi. Kioo kikaandika 0.4. Kikaandika 0.1. Halafu -0.2, na ile alama ya hasi imesimama mbele ya sifuri. Akaandika saa na namba kwenye daftari, akaongeza chumvi.